Jicho Lililobaki Wazi Wakati wa Maombi

Jina langu ni Denis Wekesa. Naandika haya nikiwa na uso mzima, kulia na kushoto. Nimehakikisha kwenye kioo asubuhi hii, kisha nikahakikisha tena. Kama una ndugu ambaye uso wake umelala upande mmoja leo, msomee haya polepole. Mwisho wake ni mzuri, na nautaja mapema ili asikate tamaa katikati.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mnunuzi wa mboga. Mama ni mpishi katika shule moja huku Muscat, pale Azaiba, na nilipomaliza shule Bungoma aliniita nije nijaribu bahati. Tulipanga vyumba viwili vya nyuma kwenye nyumba ya Bi Salma, mtaa wa Ghubra. Bi Salma ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, na biashara yake ni kupeleka mboga kwenye mikahawa. Alinipeleka soko la Mawaleh, wakati soko lingali huko, akaniona ninavyopatana bei, akaniajiri.

Watu hudhani kupatana ni maneno. Si maneno. Muuzaji anataja bei, wewe unaangalia nyanya zake kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Unainua nyusi. Unavuta mdomo upande. Unageuka uondoke, naye anakuita, "Sadiki, rafiki yangu, rudi!" Uso ndio mtaji. Nilikuwa nao mzuri, sikujua kama unaweza kuisha.

Sisi ni Wamormoni. Kwetu kijana hujitolea miaka miwili kwenda kuhubiri, na hachagui pa kwenda. Mimi nilikuwa nimeweka moyo wangu Kampala. Jibu likaja: Poland. Nikaangalia ramani kama kuna Poland nyingine ya karibu. Hakuna. Lakini baada ya siku chache niligundua kwamba naitaka Poland ileile. Nilikuwa nimetoka Bungoma nikaja kununua nyanya za watu. Hii ilikuwa safari ya kwanza niliyopewa kwa jina langu.

Mmisionari wa kiume kwetu huitwa Mzee, hata kama ana miaka ishirini kama mimi. Bi Salma aliposikia alikaa kitako kucheka.

"Mzee! Mzee gani wewe, hata ndevu hujaota? Haya, Mzee, karibu kahawa."

"Sinywi kahawa, Bi Salma. Kanisa letu hatunywi."

"Chai?"

"Pia hatunywi."

"Basi Mungu wenu kakubakishieni nini?"

"Tende."

"Alhamdulillahi," akasema, akanisogezea sahani.

Viza ilichelewa, kwa hiyo nikaanza mafunzo nyumbani, kwenye kompyuta niliyoiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Shati jeupe, tai, chini malapa. Mwalimu wetu, Dada Ania, alikuwa ng'ambo. Asubuhi yake ilikuwa magharibi yetu. Mmisionari haruhusiwi kuwa peke yake, lazima awe na mwenzi, na wangu alikuwa Mzee Ferreira, kijana wa Brazil ambaye kuku wake waliwika katika kila somo. Muscat haturuhusiwi kuhubiri barabarani, na ni sawa, nyumba ina mwenyewe. Kibao changu cha jina nilikivaa chumbani tu. Mazoezi yote ya kuhubiri kwa Kipolandi nililihubiria kabati. Halikuongoka.

Kipolandi ni lugha ya midomo. Konsonanti zinapanga foleni na irabu inafika mwisho, kama mkubwa wa ofisi. Neno la kuomba radhi ni *przepraszam*. Ukishalitamka, kosa lako umeshalilipia. Dada Ania alitufanyisha mazoezi mbele ya kioo: puliza mashavu, benua midomo, tabasamu, rudia. Siku ya kwanza alituonya: "Midomo na mashavu yatauma. Yakiuma, mjue mnafanya sawasawa."

Hilo neno lake lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyelitumia vibaya.

Jumapili moja niliamka na maumivu nyuma ya sikio la kushoto, kama mtu amenibonyeza hapo kwa kidole gumba. Kufikia jioni mdomo wa juu, upande huohuo, ulikuwa mzito kama umetoka kwa daktari wa meno. Nikafurahi. Nikajisemea, Kipolandi kimeanza kuingia.

Jumatatu nilipopiga mswaki, maji yalitoka yenyewe pembeni yakalowesha shati. Sauti ya Dada Ania iligonga sikio la kushoto kama kifuniko cha sufuria, nikapunguza sauti ya kompyuta. Chakula cha mama kikawa na ladha ya msumari. Nikamwambia chumvi imepungua. Mama amepika kwa ajili ya watu miaka kumi na nane. Aliniangalia, akaondoa sahani.

Mzee Ferreira aliniambia, "Mbona leo unacheka nusu?"

"Kamera," nikamjibu. Na niliamini hivyo kabisa. Hata nikazidisha mazoezi.

Jumanne jioni tulikaa mezani, mama akaanza kuombea chakula. Katikati akanyamaza.

"Denis. Kwa nini unanichungulia wakati wa maombi?"

"Sijakuchungulia, mama. Nimefumba."

"Umefumba moja."

"Nimefumba yote."

"Fumba tena nione."

Nikafumba, au nilidhani nimefumba. Kumbe jicho la kulia lilifungwa, la kushoto likabaki wazi, na mboni ikapanda juu ikajificha, ukabaki weupe mtupu. Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sikio langu la kushoto liliisikia mara mbili.

"Vaa viatu," akasema. Chakula kilibaki mezani.

Bi Salma alikuwa uani. Aliponiona hakucheka. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye taa. "Ya Rabbi. Upepo huo. Ile AC inakupiga ubavuni kutwa nzima. Nna ndugu yangu Unguja ilimpata hivihivi. Twendeni, nnawapeleka mimi," akachukua ufunguo wa gari.

Katika zahanati ya Ghubra tulimkuta daktari Mhindi mwenye sauti ya chini. Mama alimwuliza kabla hajakaa, "Ni kiharusi?"

Daktari alinigeukia mimi. Aliniambia niinue nyusi. Ya kulia ikapanda. Ya kushoto, ile iliyowahi kushusha bei ya kreti nzima ya bilinganya, haikutikisika. Nikunje paji la uso: upande wa kushoto ulibaki laini kama umepigwa pasi. Nioneshe meno, nipulize mashavu: hewa ikatoka pembeni kwa sauti ya aibu. Akanipima mikono, miguu, akaniuliza siku na jina langu. Akachungulia ndani ya sikio kutafuta malengelenge.

"Si kiharusi," akasema mwishowe. "Kiharusi kwa kawaida huliacha paji la uso likunje. Huu ni mshipa wa fahamu wa uso, umevimba. Wengi hupona. Ilianza lini?"

"Jumapili."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani ni Kipolandi."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza habari ya Dada Ania, mazoezi, kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lugha haifungi jicho. Dawa hii hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku tatu. Umekuja siku ya tatu. Ungekuja kesho, usingekuwa na mjadala na mimi, ungekuwa na majuto."

Akanipa vidonge vya kupunguza uvimbe, matone ya kutia jichoni mchana, mafuta ya jicho ya kulalia, na utepe wa kulifungia usiku. "Mdomo unaweza kungoja," alisema. "Jicho haliwezi. Likikauka, kioo chake kinachubuka, na ukiharibu hapo hakuna atakayekurudishia. Unasafiri kwenda wapi?"

"Poland."

"Baridi na upepo," akasema, akatikisa kichwa.

Niliwaarifu wakubwa wa misheni kesho yake. Daktari wao alinipigia kwa video, akanitazama, akasema waziwazi: "Jicho likifumba, unaenda. Lisipofumba, hatukutumi kwenye baridi. Utapangiwa kutumikia nyumbani." Nyumbani maana yake Bungoma, kwa shangazi, maana Muscat haiwezekani. Safari yangu yote ikawa imening'inia kwenye kope moja.

Nitasema wiki zile zilivyokuwa bila kupamba. Nilikunywa maji kwa mrija. Chakula kilijificha kati ya shavu na fizi, nikawa nakitoa kwa kidole kama mtoto. Mate yalinitoka kwenye shati jeupe. Jicho liliwasha kama limetiwa mchanga, na kila usiku mama alinipaka mafuta, akashusha kope kwa kidole chake, akalifunga kwa utepe. Vile vidonge vilininyima usingizi, nikawa nalala nasikiliza AC, ambayo Bi Salma alikuwa ameshaigeuzia ukutani kwa mkono wake.

Yeye aliniletea pia lubani nitafune. Daktari alisema haina ubaya, ila nisizidishe. Ijumaa, siku tunayokutana kanisani, ndugu wawili waliniwekea mikono kichwani, wakanipaka tone la mafuta yaliyobarikiwa na kuniombea. Sikusikia moto wala umeme, kama wengine wanavyosimulia. Nilisikia mikono miwili mizito na sauti ya mtu anayenijali. Walipomaliza, mmoja wao akaniuliza, "Vidonge umemeza?" Ndivyo imani yetu ilivyo.

Masomo sikuacha. Herufi p na b zilinishinda, hewa ilivuja pembeni. *Przepraszam* yangu ilikuwa kama tairi la baiskeli. Siku ya kwanza niliyolisoma mbele ya wenzangu nilitaka kuzima kamera. Kabla sijafika kwenye kitufe, Mzee Ferreira alishika shavu lake la kushoto kwa vidole, akalivuta chini, akasoma ukurasa mzima hivyo, anavuja hewa kama mimi. Kuku wakawika. Dada Ania alijaribu kuwa mkali, akashindwa.

Siku moja ya mapumziko nilimsindikiza mama sokoni. Muuzaji akataja bei ya nyanya. Nilitaka kutabasamu kwa adabu. Upande wa kulia ulitabasamu, wa kushoto ukamkatalia. Akapunguza. Nikashangaa, akapunguza tena. Bi Salma aliposikia akasema, "Ugonjwa huu una baraka zake. Lakini tusiombe ukae."

Kuomba, hata hivyo, nilikuwa naomba vibaya. Nilikuwa napatana. Nilimwambia Mungu mdomo abaki nao, anirudishie jicho tu. Siku nyingine nikamwongezea na nyusi. Mama alinisikia kupitia mlango, akaingia.

"Denis, Mungu si muuza nyanya. Mwombe uso mzima, kisha unyamaze."

Katika wiki ya tatu, pembe ya mdomo ilitikisika. Kidogo sana, kama samaki aliyegusa ndoano akaondoka. Nilikaa mbele ya kioo nusu saa kuhakikisha si mimi ninayevuta kwa upande mzima. Ladha ikarudi siku moja nikila maharage; nikamwambia mama chumvi imezidi, akalia kwa furaha. Lakini jicho liligoma. Daktari wa misheni alipopiga tena, nilifumba kwa nguvu zangu zote.

"Bado kuna mwanya," akasema.

"Limefumba zaidi ya nusu, daktari. Tukubaliane hapo."

"Jicho halipatanwi bei, Mzee Wekesa. Nitapiga baada ya wiki mbili. Hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho."

Ile siku sikwenda kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza sikuwa na bei ya kutaja. Niliomba uso mzima, nikanyamaza, nikaenda kumsaidia Bi Salma kushusha viazi.

Zile wiki mbili zilikuwa zinakaribia kuisha. Jioni tukakaa mezani na mama akaanza kuombea chakula: "Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa chakula hiki, na kwa..." Akanyamaza. Nikajua ananichungulia. Nikangoja. Nikasikia kijiko kikianguka.

"Mama? Vipi?"

"Usifumbue," akasema. "Usifumbue kwanza, nitazame."

Akatazama. Chakula kikapoa. Kisha akasema "Amina" bila kumalizia yale mengine, na naamini yalifika.

Daktari wa misheni aliona mwenyewe. Viza ilikuwa imeshatoka. Bi Salma alinipa skafu ya sufu na tende za kutosha ukoo mzima. "Haya Mzee," akasema, "ukawaombe radhi huko kwa lile neno lako."

Sasa niko Poland. Nimebakiwa na kitu kimoja: upepo ukivuma, jicho la kushoto hutoa machozi peke yake. Daktari wa hapa anasema si hatari. Nashukuru kwa daktari wa Ghubra, kwa Bi Salma na gari lake, kwa mikono iliyowekwa kichwani mwangu, na kwa shavu la Mzee Ferreira. Wewe unayesoma, usiupe ugonjwa jina zuri. Mwili ukifanya kitu kigeni, usiuambie kuwa unajifunza. Upeleke ukaangaliwe siku hiyohiyo. Linda jicho kabla ya mdomo. Na usione haya kutoka na uso ulio nao.

Kila wiki mama hunipigia kwa video, na tunamaliza kwa sala. Bado ananichungulia. Najua, kwa sababu mimi pia namchungulia.