Lengalenga Chini ya Dirisha

Nitasema ukweli mwenyewe kabla majirani hawajanisemea: siku Mama Marguerite alipoingia kwangu Nyakabiga, hapa Bujumbura, sikumpenda hata kidogo. Hakukaa, hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza maji yako wapi, akanawa mikono mpaka viwiko, taratibu, kidole kwa kidole, ndipo akaja kunisalimia na mkono bado umelowa. Tena ilikuwa Julai, bomba lina wiki nzima halitoi kitu, na maji yale nilikuwa nimeyapangia foleni tangu alfajiri. Nikajisemea, huyu mama wa Uvira, ng'ambo kule Kongo, atatumalizia maji kabla hajatumalizia sukari.

Mi naitwa Adélaïde. Nauza vitenge sokoni na mdomo ninao, sifichi. Mume wangu Salvator ni fundi wa kushona, mtu wa kimya. Mungu alipogawa maneno nadhani fungu lake alinipa mimi. Mwaka jana, baba yangu alipofariki, nilimchukua mama yangu, Daphrose, kutoka Mwaro nikamleta tuishi naye. Kwa desturi yetu hilo ni jambo zito. Mama anapaswa kuzeekea kwa mtoto wake wa kiume, na kati yake na mukwe wake, yaani mume wa binti yake, kuna heshima kubwa: hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawaonani hivi hivi tu. Lakini kaka yangu Gélase ni dereva wa malori, leo yuko Dar es Salaam, kesho Kigoma. Mama angelelewa na nani kule, na usukani?

Salvator alilipokea jambo bila neno. Cherehani yake iliyokuwa sebuleni aliibeba mwenyewe akaiweka barazani, kando ya mlango, ili mama awe na sebule yake bila kumwona mukwe kila akiinua macho. Nilifurahi sana. Nilisimulia soko zima jinsi nilivyoolewa na mtu mwenye adabu.

Haukupita muda mrefu mama akaanza kupotewa na akili. Midomo ilimkauka, ulimi ukawa mzito, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tulimkimbiza hospitali, wakamtundikia serumu, yale maji ya mshipani, na siku ya tano akili zake zote zilikuwa zimerudi, hata akanigombeza juu ya nywele zangu. Tukarudi naye nyumbani tukishukuru. Baada ya wiki mbili, yale yale. Tukampeleka tena, akapona tena, akarudi, akaugua tena.

Sasa sikia midomo ya watu. Hospitali anapona, nyumbani anaugua. Nyumbani kuna nini? Jirani yangu Chanelle, tunayeazimana chumvi, alinivuta pembeni akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, na alisema nguoni huku anaitazama cherehani ya mume wangu. Mtaani wakaanza kutaja sumu. Lisemwalo lipo, wakasema. Habari ikapanda lori ikamfikia Gélase, naye akanipigia simu kwa sauti ambayo sikuijua: Jumamosi anakuja na gari, anamchukua mama, anamrudisha Mwaro kwa shangazi zetu, na Salvator asithubutu kusogea karibu.

Kwetu Mwaro ni mlimani, kituo cha afya ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kumrudisha mama kule katika hali ile ilikuwa kumpeleka akafe. Na mume wangu angebaki na jina la muuaji mpaka mwisho wa maisha yake.

Nisiwe mnafiki, na mi nilifika pale. Kila asubuhi Salvator alimwachia mama termosi ya chai na jagi la maji sebuleni, juu ya meza. Siku moja niliifungua ile termosi, nikainusa chai, nikaionja kwa ncha ya ulimi. Nilipogeuka, Salvator alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi kukaa kwenye cherehani yake, lakini siku ile sikuisikia ikizunguka. Aibu ile bado ninayo.

Basi Jumatatu ya wiki ile ndipo akaja Mama Marguerite, kwa kuelekezwa na mtu wa kanisani. Ana miaka hamsini na nne, mwembamba, sauti ya kukwaruza. Uvira alikuwa muuguzi wa kituo cha afya miaka kumi na tisa. Vita ikamvusha mpaka, akapanga chumba Gatumba, upande huu wa mpaka, na mafuriko yalipokuja yakaingia ndani, yakachukua godoro, sufuria na diploma yake. Godoro alipata lingine. Bila diploma, hapa Bujumbura yeye si muuguzi, ni mama wa kulinda wagonjwa tu, wa kuosha wazee na kufua mashuka. Alinieleza hayo huku anakunja shuka la mama, bila kujihurumia, kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Niliudhika naye kwa mengi. Alimwita mama koko, wanavyoita bibi kwao. Alimkalisha wakati mi nataka alale apumzike. Alimpa kitana ajichane mwenyewe, mikono inatetemeka, nami nimesimama pale natamani kukipokonya. Nilimwambia kwetu mzee hafanyishwi kazi. Akanijibu kwamba mkono usiochana nywele leo, kesho hautashika kijiko. Tena alikuwa na daftari la shule: upande mmoja aliandika kila kikombe kinachoingia kwa mama, upande wa pili kinachotoka. Kila saa alimwuliza kama anataka kwenda nje, na mama anatikisa kichwa. Mpaka Jumatano upande wa pili ulikuwa mweupe karibu wote, naye alikuwa akiutazama na kuguna.

Alhamisi nilirudi sokoni mapema, nikamkuta nyuma ya nyumba amechutama kwenye lengalenga zangu. Hapo lazima nieleze. Chini ya dirisha la mama kulikuwa na kipande cha lengalenga, mboga ile wengine wanaita mchicha. Kiangazi kile Nyakabiga nzima ilikuwa vumbi, hata mipapai ilijikunja majani, lakini lengalenga zangu zilikuwa na majani mapana kama kiganja, kijani mpaka zinang'aa. Nilijisifu nazo sana. Nilimpelekea Chanelle fungu, nikamwambia ni baraka. Nilizipika kwa mawese nikampelekea mama, naye akazitazama kwa muda mrefu, akasema hana njaa.

Mama Marguerite alichota udongo, akaunusa, akaniuliza nani anamwagilia hapa. Nikasema Mungu. Akaniambia Mungu hatumii majani ya chai. Nikainama, na kweli, katikati ya mashina yalikuwepo majani ya chai, mengine makavu, mengine ya leo.

Nilitaka kuingia ndani nikamfokee mama. Maji yale! Foleni ile yote ninayoamkia! Mama Marguerite akanishika mkono, akanikalisha juu ya tofali. Aliniita kwa jina la binti yangu, anayesoma Gitega.

"Mama Orlane, koko hana wazimu, na hakuna mutu anamupa sumu. Ana kiu. Hanywi juu anaogopa kwenda chooni. Choo iko wapi? Na nani anakaa mlangoni toka asubuhi mpaka mangaribi?"

Nikaona yote kwa mara moja. Choo chetu kiko nyuma, pembeni mwa ua, hatua kumi tu kutoka dirisha la mama. Lakini nyumba ina mlango mmoja, na mlango ule ni wa barazani. Mama ili afike chooni ilimbidi apite mbele ya mukwe wake, kopo la maji mkononi, halafu arudi tena mbele yake. Ndoo ya chumbani aliikataa siku ya kwanza, maana ndoo nayo ingebebwa ikapita palepale. Basi alikuwa anatoka alfajiri kabla mukwe hajaamka, na mchana kutwa anajizuia, na ili aweze kujizuia, kila tunachompa anakimwaga kwa dirisha la chumba chake tukishampa kisogo. Hospitali alikuwa na chombo chake kitandani, na wauguzi si wakwe, kwa hiyo alikunywa na akapona.

Na cherehani ile iliwekwa pale kwa heshima. Mume wangu alikuwa anamuua mama yangu kwa adabu, mama alikuwa anakufa kwa adabu, nami katikati nikisimulia soko zima. Nililia pale kwenye tofali, sikujali nani ananiona.

Nilisema basi Salvator ahame, akashonee mtaa mwingine. Mama Marguerite akakataa. Mama angejua mara moja kwamba amemfukuza mukwe katika nyumba yake mwenyewe, na angejua pia kwamba siri yake imejulikana. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, lakini huyu koko tusimuumbue sisi. Nikamwuliza nani atakayemwambia Salvator. Mi nisingeweza, mdomo wangu wote huu haukuwa na neno la kumtajia mukwe haja za mama mukwe wake. Akasema ataongea yeye, ndiyo kazi yake.

Ijumaa asubuhi alimwendea barazani. Nilisikiliza nyuma ya pazia, sikatai. Hakutaja choo hata mara moja. Alisema mgonjwa wake amefungiwa mno, chumba kinataka mlango wa kutokea nyuma, mzee apate kutembea hatua kumi kila siku bila kuizunguka nyumba. Salvator aliacha kushona. Aliutazama mlango, akakitazama kiti chake, akaitazama kona ambako njia inapindia kwenda nyuma. Nikaona uso wake ukibadilika polepole. Akasimama.

"Nivunje wapi?" alisema.

Jumamosi saa nne Gélase alipofika, ukuta wa chumba cha mama ulikuwa na tundu la kimo cha mtu kando ya dirisha. Mukwe aliyedhaniwa muuaji alikuwa juu ya kigoda, kichwa kizima kimejaa vumbi la tofali, anapigilia pazia alilolishona mwenyewe. Kutoka pale mpaka chooni alikuwa amepanga vipande vya tofali, njia ya kukanyaga, na kando yake kamba ya kushikilia. Mama alikuwa amerudi kitandani; siku ya kuvunja tulimhifadhi kwa Chanelle.

Gélase hakusalimia mtu. Aliuliza kama mama amefungiwa vitu vyake. Nikamvuta pembeni nimweleze, akasema mke atakosaje kumtetea mumewe. Sauti zikapanda. Akalitaja neno sumu pale uani, na sisi tulikuwa hatujawahi kulitamka karibu na mama. Salvator alishuka kigodani, nyundo mkononi.

Pazia likafunguka. Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja kwa Mama Marguerite, mwingine ukutani. Aliitazama ile njia ya tofali mpaka mwisho wake. Hakuuliza ni ya nini. Alimtazama mwanawe, halafu akasema kwa Kirundi chake cha Mwaro, neno moja moja:

"Nataka maji. Na ayalete mukwe wangu, si mtu mwingine."

Kwetu mukwe hampi mama mukwe maji mkononi. Na kwetu pia, mtu akimpa mwenzake kinywaji huonja yeye kwanza, kionekane kwamba hakina kitu. Salvator alileta jagi, akamimina kikombe, akakiinua aonje mbele ya Gélase. Mama akamzuia kwa mkono. Basi akakiweka kizingitini, akageuza uso kwa heshima, na Mama Marguerite akakiokota. Mama alikunywa chote, kidogo kidogo, macho kwa Gélase. Alipomaliza akasema aongezewe, akanywa na cha pili.

Gélase alivua kofia. Alimwendea Salvator akamwomba msamaha kwa sauti ndogo, mtu mzima yule mwenye kifua kama mlango. Salvator akampa nyundo, akamwambia imebaki misumari miwili. Baadaye kidogo mama alisema anataka kunyoosha miguu, na wanaume wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli barabarani. Mama alipita mwenyewe, kamba mkononi, hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Gari la Gélase liliondoka bila abiria.

Nilimwomba Salvator msamaha kwa ile chai. Alinisamehe. Alisema hata yeye alikuwa ameanza kujiogopa.

Leo mama anachambua maharage, anajichana, ananigombeza kila asubuhi, na mi nazidi kunenepa kwa furaha. Mama Marguerite anakuja kwetu mara mbili kwa wiki, maana ana wazee wengine watatu, mmoja mpaka Kamenge, na wote anawakasirisha watoto wao vilevile. Nilimsukuma aandike Uvira kwa shule yake ya uuguzi. Mwezi uliopita walijibu kwamba jina lake limo katika vitabu vyao na diploma nyingine itatolewa. Alinisomea barua ile mara mbili. Kisha akaenda kunawa mikono.

Na zile lengalenga? Wiki mbili baada ya Jumamosi ile zilianza kunyauka. Agosti ilipokwisha zilikuwa vijiti. Chanelle akaniuliza ile baraka imekwenda wapi. Mi nilikuwa nimesimama pale chini ya dirisha, namsikia mama ndani akiomba kikombe kingine, na sijawahi kufurahia mboga iliyokufa kama siku ile.