Msomaji Aliyeiona Kanga Yangu

Kanga yangu ilikuwa kambani nyuma ya nyumba, inalowa mvua, na mimi niko shuleni sina habari.

Simu ikatetemeka. Komenti mpya kwenye blogu yangu: "Mada ya leo, mwalimu: kanga iliyosahaulika mvuani."

Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaikuta kanga inachuruzika, kicheko kikaniisha.

Naitwa Tausi, mtoto wa Kilwa, mwalimu wa shule ya msingi huku Ikuti, Rungwe. Mvua ya huku haina adabu, na ukungu unaingia mpaka jikoni. Kwetu ukikohoa tu, jirani keshauliza una nini. Huku napika chakula cha mtu mmoja, nakula nikitazama ukuta. Kinyakyusa changu kilikuwa neno moja tu, ndaga, asante.

Upweke ndio ulionifanya nifungue blogu. Shida ikaja kwenye mada. Kwanza niliandika baridi. Kisha ndizi. Kisha nikaandika tena baridi, jamani. Nikawa nakaa na chai yangu naikodolea simu macho, kichwa cheupe.

Ndipo akatokea msomaji anayejiita Mpita Njia.

"Andika kuhusu harufu ya majani ya chai yakichumwa." Nikaandika.

"Andika ulivyomenya ndizi mbichi bila kupaka mafuta, utomvu ukakugandia mikononi." Hilo lilinitokea kweli, kibarazani kwangu, na nilikuwa peke yangu.

Niliogopa, sitaki uongo. Lakini niliandika tu, maana hakuna mwingine aliyekuwa ananisoma.

Aliyenimaliza kabisa alikuwa Mzee Hosea, mwenye nyumba wangu, karani mstaafu wa kiwanda cha chai. Tunaishi ua mmoja. Nikitokea njiani, anaingia migombani. Nikimwamkia, anageuza uso. Mkewe, Mama Esnath, ananiletea maziwa mgando na kunitania, ila mzee hata shikamoo yangu haitaki. Nikasema basi, huyu hapendi watu wa pwani. Iliniuma sana.

Nikatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Akapatikana Modesta, mwalimu aliyeko Lindi, kwao Tukuyu mjini.

"Dada, nipe jibu Ijumaa," akasema. "Mimi nimeshajiandaa kurudi nyumbani."

Alhamisi nikiwa nafunga vyombo, komenti ikaingia: "Mada: jirani anayekukwepa. Ila muulize mkewe kwanza."

Nikavuka ua mbio. Mama Esnath alikuwa anamenya magimbi.

"Mama, nimemkosea nini mzee?"

Akaweka kisu chini. "Umkosee nini, mwanangu? Mila yetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani. Ndiyo heshima."

"Kwani mimi nimeolewa na nani hapa?"

Akanyoosha kidole kwenye nyumba yangu.

"Hiyo nyumba unayolala aliijenga mwanetu Jairo. Alisema haingii humo mpaka aoe. Tukamzika hajaoa, ikabaki na kufuli. Siku ulipowasha taa mle, mzee akaniambia, 'Mke wa Jairo amefika.' Nikamwambia acha hayo, ni mpangaji. Hakunisikia."

Nikamwonyesha ile komenti kwenye simu.

"Na mada je? Ni yeye?"

"Si ulinionyesha hiyo blogu? Nikampa na yeye asome. Sasa kutwa yuko kibaraza cha jikoni, anaandika kwa kidole kimoja. Nikamuuliza, huko siko kusemeshana na mkwe? Akasema wazee waliokataza hawakutaja simu."

Nikacheka, kisha nikalia mbele yake. Muda wote ule nililala nikijua hakuna anayejali kama nipo. Kumbe palikuwa na mtu anayeniangalizia mpaka kanga.

Ijumaa asubuhi nikampigia Modesta. "Nisamehe, mdogo wangu. Siondoki." Akasonya, akakata simu. Simlaumu.

Nikashika njia ya shule. Mbele nikamwona Mzee Hosea anakuja na jembe begani. Akaanza kugeuka kuelekea migombani, kama kawaida yake.

Nikamuwahi. Nikajifunika kanga kichwani, nikaingia migombani mimi, nikampa mgongo.

Nikasikia hatua zake zinasimama. Kisha zikapita taratibu, katikati ya njia.

Nafika shuleni, simu ikatetemeka.

"Ndaga, mkwe. Leo sina mada. Chagua mwenyewe."

Wewe uliye ugenini, unayekula ukitazama ukuta, kabla hujasema hupendwi, uliza kwanza kwa watu wa hapo heshima yao ikoje. Mimi nilibakiza siku moja tu nikubali kuondoka.

Mada nimechagua hii.