Bibi Apiga Kura

Mbunge mkongwe, ambaye wenzake humwita Bibi, husugua miwani kwa ncha ya mtandio kabla ya kila kura. Siku Bunge lilipopigia kura kama nchi ijitoe kwenye mkataba wa kale wa ujirani, ambao nafasi yake ilishachukuliwa na mkataba mpya, aliisugua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Aliyeutia saini mkataba huo wa kale, vita na nchi jirani vilipokwisha, ni marehemu mumewe, akiwa balozi, na ndiyo kazi pekee iliyobaki na jina lake.

"Mkataba huu umepitwa na wakati, Bibi," mbunge aliyeketi kando yake alimnong'oneza kwa upole.

"Najua, mwanangu. Hata marehemu mwenyewe angesema hivyo."

Spika alipowaita wanaokubali kujitoa, Bibi alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wengine waliposhusha mikono yao, wake ulibaki juu, machozi yakimtiririka, mpaka Spika akasema taratibu, "Tumekuona, Bibi."