Ng'ombe Aliyeniponza

Hasira zangu ni moto wa mabua: huwaka ghafla, huzima ghafla, na katikati hapo huwa nimeshafanya jambo la kijinga. Barua ya kwamba mke wangu anataka talaka, na abaki na binti yetu wa miaka tisa, ilinifikia Oyugis Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi nilikuwa Suna, nyumbani kwa wakwe zangu, na lori la kukodi. Wote walikuwa kanisani. Nikamfungua ng'ombe mmoja kati ya sita niliowatoa mahari, yule mwenye paji jeupe, nikampakia.

"Kama ndoa imekwisha, mahari yangu irudi," nilimwambia dereva, ambaye hakuwa ameniuliza kitu.

Tulifika Rongo tu. Askari kwenye kizuizi akachungulia nyuma. "Hii ng'ombe iko na permit?" Hatukuwa na kibali chochote cha kusafirisha mifugo, na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kumhubiria kuhusu ndoa. Tukarudishwa Migori. Kesho yake nilisimama kizimbani kwa wizi wa mifugo, nikakana shtaka, nikapewa dhamana. Ng'ombe hakupewa. Alibaki kituoni kama kielelezo cha kwanza, akila sukuma wiki ya mkuu wa kituo.

Sikujali sana. Wakili wangu alisema utetezi wetu ni safi: aliyechukua chake si mwizi. Nikaenda Homa Bay, ambako kesi ya malezi ya mtoto, aliyofungua mke wangu, ilikuwa ikisikizwa, nimevaa suti na tabasamu. Baba mdogo alikuwa akinisubiri nje ya mahakama. Hakunisalimia.

"Wewe ulisoma mpaka wapi?" akauliza. "Ng'ombe za mahari ndizo zinafanya mtoto awe wetu. Ukirudisha ng'ombe, umeacha mtoto kwao. Hiyo hata mlevi anajua."

Nikamjibu kwamba siku hizi hakimu huangalia maslahi ya mtoto, haangalii mikia ya ng'ombe. Wakili alikubaliana nami, kisha akanionyesha hati ya kiapo ya mke wangu. Aya ya nne ilisema nimejirudishia mahari kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nimekwisha kumkana mtoto. Tabasamu likanitoka. Migori nikisema ng'ombe ni wangu, niko huru. Homa Bay neno hilohilo linaninyang'anya binti yangu.

Bado nilijipa moyo kwamba hayo ni maneno ya mawakili tu. Jioni hiyo binti yangu akanipigia kwa simu ya nyanya yake.

"Baba, ni ukweli ulichagua ng'ombe?"

Nilijaribu kumweleza sheria, nikashindwa kwenye sentensi ya kwanza. Alipokata simu nililia, na sioni haya kulisema.

Siku ya kesi ya Migori ilipofika, ng'ombe alikuwa amezaa kituoni. Polisi ni watu wa utaratibu, wakamwandika ndama kuwa kielelezo cha pili. Kabla shahidi wa kwanza hajaapa, niliinua mkono.

"Mheshimiwa, ng'ombe ni wa mama mkwe wangu. Niliiba."

Wakili wangu alifunga faili lake na kutazama dirishani. Mama mkwe, ambaye kwa heshima za kwetu sijawahi hata kula mbele yake, akasimama bila kuitwa na kusema mengi kwa Dholuo. Mkalimani akakohoa.

"Anasema anataka kuondoa kesi. Anasema huyu si mwizi, ni mtu wa hasira tu. Tena ng'ombe alitoka mmoja na sasa anarudi na mtoto, kwa hivyo hana malalamiko."

Hakimu alijifunika uso kwa karatasi hadi alipoweza kuongea. Kesi ikaondolewa. Homa Bay, baadaye, waliamua binti yangu akae nami likizo za shule, na aya ya nne hakuna aliyeitaja tena.

Lakini siku ile ya Migori tulikwenda kituoni kuwachukua ng'ombe na ndama wake. Binti yangu alikuwa amekuja na nyanya yake.

"Kwa hivyo uliiba?"

"Niliiba."

"Na mimi sikubadilishwa kwa ng'ombe?"

"Hukubadilishwa."

Akanipa kamba ya ndama. "Shika. Lakini usitoroke na yeye."