Kifundo cha Mchezaji wa Chuma

Mgeni binti Mwinyimvua hushinda juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, pembeni mwa karakana ya mdogo wake kule Gerezani, mpaka mgongo ukatae. Mdogo wake, Bushiri, huchomelea sanamu ndogondogo kwa vyuma chakavu: boliti, minyororo ya baiskeli, plagi za pikipiki. Mgeni huzisafisha. Kila palipoungwa, moto huacha ganda jeusi, na kandokando hurukia vipele vya chuma. Ganda hugongwa kwa nyundo ndogo, vipele hukwanguliwa kwa patasi, kisha inapita brashi ya waya, tupa, na msasa mwishoni. Jioni akipenga kamasi, inatoka nyeusi. Watu husifu sanamu. Usafi hakuna anayeuona.

Karakana ilikuwa ya baba yao. Mzee Mwinyimvua alimpeleka Bushiri shule, Mgeni akabakizwa kukwangua vyuma, maana mtoto wa kike ataolewa. Akaolewa, akaachwa, akarudi. Mzee alipofariki, Bushiri aliketi na wajomba barazani, akainuka na funguo. Mgeni alipouliza fungu lake, mdogo mtu alimjibu kwa upole kabisa, "Si unakula humuhumu, dada?"

Hayo aliyameza. Lililomkaa kooni ni la mchezaji.

Ansbert, mwenye duka la jezi mtaa wa pili, aliagiza sanamu iwe zawadi ya mashindano ya vijana kule Jangwani: mchezaji amesimama kwa mguu mmoja juu ya kibao cha chuma, wa pili ameurusha kupiga mpira. Siku ya kuikabidhi Bushiri alikuwa na haraka. "Usigonge, dada. Pitisha brashi tu, upake rangi." Mgeni alijua kwamba ganda lisilogongwa huficha mengi, lakini karakana si yake. Akapitisha brashi, akapaka rangi.

Nahodha wa timu iliyoshinda alipoinua zawadi yake juu, kibao na kiatu vikabaki mkononi, mchezaji akaenda chini. Uwanja mzima ulicheka.

Ansbert alirudi na vipande ndani ya mfuko. Bushiri hakutazama hata palipokatika. "Dada huyu kasaga mno kwenye kifundo cha mguu. Ukimpa mwanamke tupa, ndiyo hivyo." Mgeni akaambiwa aombe radhi, naye akaomba, mbele ya mafundi wa mstari mzima. Tangu siku hiyo Nurdin, fundi mageti wa jirani, akipita humwamkia, "Shikamoo, Bi Tupa." Na Bushiri akatoa neno la mwisho: kikivunjika kingine, ndoo ile ataikalia mdogo wa mkewe.

Aende wapi? Umri umeshasogea, kusoma hajui, na mikono haijafunzwa kingine.

Leo Ansbert amekuja kuchukua sanamu ya fidia. Amekaa kwenye benchi, anajipepea kwa kofia. Bushiri amemaliza kuchomelea, akaiweka miguuni pa dada yake ikiwa bado ya moto.

"Brashi na rangi, dada. Mtu anasubiri."

Mgeni akaitazama. Mchezaji yuleyule, mguu uleule. Kifundo kimenenepa kwa ganda, kinang'aa kama kimeshiba. Alichoka. Alichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Akaona jinsi itakavyokuwa: kitavunjika kwa watu, kitarudi kwenye mfuko, na yeye ataomba radhi kisha afungashe.

Akasubiri kipoe. Akashika nyundo.

"Dada, nimesema brashi."

"Nimesikia."

Akagonga kifundoni, pigo la kawaida, lile alilofundishwa na baba yake. Ganda likabanduka. Akagonga tena. Mchezaji akalala ubavu, kiatu kikabaki kimesimama peke yake kwenye kibao.

Nurdin alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Umeona mambo yake?" Bushiri akamgeukia Ansbert. "Anapiga kama anapasua nazi."

Mgeni akamwokota mchezaji. Akamgeuzia Ansbert mguu uliokatika. "Tia kidole hapo, baba. Tupa haijagusa leo."

Ansbert akatia kidole. Ndani mlikuwa na tundu jeusi, limejaa unga wa ganda. Akakitazama kidole chake, akamtazama Bushiri.

"Fundi, hapa hamna chuma."

"Umeme ulikuwa mdogo," alisema Bushiri.

"Na siku ile?" Mgeni aliuliza. "Ile ya kwanza nani aliivunja?"

Bushiri alikuwa ameshashusha kinyago cha kuchomelea usoni. "Yaliyopita si ndwele, dada."

"Si ndwele kwa asiyeugua."

Nurdin alicheka, akawasha mashine yake. Radhi haikuombwa. Bushiri akachomelea upya, safari hii polepole, akaileta sanamu akaiweka chini. Akabaki amesimama, mikono kiunoni, hakutaja brashi.

"Haya, igonge," akasema.

Mgeni akaigonga. Ganda likaruka, kifundo kikalia mlio mzito, kikakaa. Akachukua brashi, kisha tupa, kisha msasa. Ansbert aliondoka na mchezaji wake kwapani, akamuaga Bushiri kwa mkono na Mgeni kwa kichwa.

Bushiri akamsogezea dada yake sanamu ya mpiga ngoma, ganda tele mabegani. Mgeni akajinyoosha mgongo, akaketi vizuri kwenye ndoo yake, akaanza kwa nyundo.