Wekundu wa Kahawa ya Longino

Kijiji kizima kimeshanitangaza, basi bora nanyi mnisikie mwenyewe. Nilishanusurika kwenye mtumbwi uliozama ziwani, lakini jirani yangu Longino ndiye aliyekaribia kuniua kwa wivu. Kila msimu kahawa yake inaiva nyekundu sawasawa, na kila msimu kikundi chetu hapa Mbinga kinamchagua yeye kuwa mkulima bora. Mwaka huu niliapa kwamba nitachaguliwa mimi.

Kahawa yangu nusu nzima ilikuwa bado kijani. Kinunda, mwongo yule anayeuza rangi za mikeka sokoni, akanipa rangi ya unga. "Mama Zeno, hii haitoki hata kwa mvua," alisema. Nikaichuma kahawa hivyo hivyo, nikailoweka kwenye rangi ile, nikaianika, ikawa nyekundu kuliko midomo ya bibi harusi. Nilipoifikisha kwenye mashine ya kumenyea, wanakikundi wakaisifu. Nikajiona nimeshashinda.

Nilisahau jambo ambalo kila mtu huku analijua: kabla ya kumenywa, kahawa humwagwa kwenye tangi la maji ili zile nyepesi zielee. Karani wa kikundi akamwaga ndoo yangu. Maji yakageuka mekundu, nusu ya kahawa ikabaki kijani kama nilivyoichuma.

"Mama, wekundu wa kahawa hutoka ndani," karani akasema taratibu.

Longino akachota yale maji kwa kiganja, akayatazama, kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Leo nakupa shikamoo, dada. Mimi wekundu wa kuchota kwa kikombe sijawahi kuuvuna."