Duka Limefungwa, Nani Kafa?

Kariakoo duka likifungwa siku ya kazi, watu hawaulizi kwa nini. Wanauliza ni nani. Hilo nililijua vizuri, maana nimekulia kwenye fremu yetu ya kuuzia vifungo, zipu na nyuzi, na maisha yangu yote nimeiona imefungwa siku za Idi na siku za matanga tu. Ndiyo maana kosa nililofanya mwaka huu siwezi kumsukumia mtu mwingine.

Fremu hiyo aliniachia kaka yangu. Miaka yote tuliyouza pamoja alikuwa anapanga likizo. Alitaka kwenda Kigamboni kwa shangazi yetu, akae siku nne, alale mpaka jua limchome mguu. Kigamboni! Mtu unavuka na pantoni soda yako haijaisha. Lakini kwanza msimu wa sare za shule upite. Halafu ikaja Ramadhani, mafundi cherehani wanataka zipu asubuhi na jioni. Halafu harusi. Nilikuwa namtania kwamba ipo siku shangazi atachoka kusubiri, aje kulala yeye dukani. Anacheka, huku anapanga vifungo. Mwaka jana aliamka na maumivu ya kifua, akasema ataenda zahanati akishafungua duka. Hakufika zahanati.

Siku ya nne baada ya mazishi nilifungua. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo wowote, nilikuwa naogopa kukaa nyumbani.

Tangu hapo sikupumzika hata siku moja. Sisi vijana tunaotafuta maisha mjini tuna ugonjwa huu, tunajisifia uchovu kama nguo mpya. Mimi nilijisifia mpaka nikaanza kuchanganya mambo. Mteja anaomba vifungo vyeupe, nampa vyeusi, akivikataa namfokea. Usingizi ukanikimbia. Mwishowe nikaenda zahanati. Daktari, dada wa rika langu, alinipima presha mara mbili, kama haamini.

"Dawa nitakupa," alisema, "lakini upumzike. Siku nne, bila duka, bila simu."

"Hakuna sindano?"

"Sindano ya kupumzika bado haijaletwa. Mara ya mwisho ulipumzika lini?"

Nilifikiri sana, nikamwambia ukweli. "Zile siku tatu za msiba wa kaka."

Aliweka kalamu chini. "Dada, ile si likizo. Ukiendelea hivi, presha haitakuuliza una umri gani."

Nikaogopa. Jumatano jioni nilifunga duka, nikabandika karatasi mlangoni: TUMEFUNGA MPAKA JUMATATU. Sababu sikuandika. Niliona aibu. Mtu hajafika hata miaka thelathini, aandike kwamba amekwenda kulala? Wangenicheka kutoka pale mpaka Msimbazi. Nikamuaga mama, nikazima simu, nikavuka.

Asubuhi yake jirani yangu muuza lesi alikuta karatasi. Akapiga simu, haipatikani. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Watu wa uchochoro wetu wakakusanya sukari, mchele na majani ya chai, wakabeba na jamvi la kukalia, wakaja nyumbani kwetu wamejitanda kanga. Mama alinisimulia baadaye.

"Pole sana, mama."

"Asante. Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Kafa nani?"

"Ndiyo tumekuja kujua, mama."

Alipowaambia kwamba nipo Kigamboni napumzika, hakuna aliyeamini. Walidhani bado uchungu wa mwaka jana unamsumbua akili. Muuza lesi akasema haondoki na maneno ya kuambiwa, anakwenda kuniona kwa macho yake.

Alinikuta uani kwa shangazi, nimelala kwenye mkeka, mdomo wazi, saa tano asubuhi. Shangazi anasema alisimama juu yangu kwanza kuangalia kama napumua. Nilipofumbua macho nikaona kanga ya msibani, nikaruka.

"Nani kafa?"

"Wewe! Mtaa mzima unakulilia, kumbe maiti inakoroma!"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, na usinibembeleze. Inuka. Mteja wako wa Mtwara yupo pale tangu asubuhi, kakalia roba lake la mizigo, anataka zipu za mzigo mzima. Tukiwahi pantoni utampata."

Niliinuka. Nilishavaa kandambili moja, naitafuta ya pili, nikamwambia shangazi, "Nitarudi kupumzika huyu akishaondoka." Maneno yale yalikuwa ya kaka yangu, hata sauti ilikuwa yake. Nikaivua ile kandambili.

Nikakaa chini, nikalia. Nililia kile kilio ambacho mwaka mzima nilikuwa nakikimbia kwa kuuza zipu. Muuza lesi hakuninyamazisha. Alivua viatu, akakaa pembeni yangu, akanishika mgongo. Utani wake wote uliisha.

Mchana shangazi alileta mihogo ya nazi. Muuza lesi alikula, akasema ananyoosha mgongo kidogo tu kabla ya kurudi dukani kwake. Aliamka alasiri, ana alama za mkeka shavuni.

"Nani kanilaza mimi?"

"Uchovu wako mwenyewe," shangazi alimjibu. "Na unakoroma kuliko maiti."

Simu yake ilikuwa imejaa ujumbe. Duka lake nalo halikufunguliwa, sasa watu walikuwa wanauliza yeye kafiwa na nani. Akawapigia. "Acheni uchuro! Bandikeni karatasi kwangu na kwa huyu mtoto. Andikeni, hakuna msiba, wapo likizo."

"Dada," nikamwambia, "kwangu usiandike hakuna msiba. Upo. Ndiyo kwanza nimeanza kuulilia."

Akarudi kwenye simu. "Andikeni likizo tu. Kwake mpaka Jumatatu. Kwangu..." Akaupapasa mkeka. "Kwangu mpaka kesho."

Yule mteja wa Mtwara alinunua zipu zake zote kwenye fremu ya ng'ambo ya uchochoro wetu. Niliumia, sidanganyi. Niliumia kama dakika kumi hivi, kisha nikalala.